Tepu Haivutwi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Sisimizi alikuwa na kazi tatu. Ya kwanza ilikuwa kufagia nyuzi na vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake. Ya pili, kubandika maji ya chai. Ya tatu ndiyo aliyoipenda: kumpima dada yake kifundo cha mguu.

Jina la Sisimizi alipewa na dada huyohuyo, kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo na hakujua kukaa bure. Dada mwenyewe aliitwa Mnara, na ukimwona akiinama ili apite mlangoni hukuwa na haja ya kuuliza sababu. Alikuwa nyota wa mpira wa kikapu. Nusu ya watoto wa mtaa walikuwa wamebandika picha yake kwenye majalada ya madaftari yao.

Siku hizi nyota huyo alishinda chali kitandani, mguu wa kulia juu ya mito miwili, magongo yameegemea ukuta. Misimu mitatu alikuwa amecheza huku kifundo kikimuuma. Alikifunga bandeji, akasema ni maumivu ya kawaida, akaingia uwanjani. Ligi ilipofungwa, daktari wa upasuaji alimpasua, akazishona kano zilizochanika na kutia skrubu mbili kwenye mfupa.

"Usiruke mpaka uvimbe uishe," daktari alimwambia. "Inaweza kuchukua miezi mitatu, inaweza kuchukua sita. Ukiwahi, tutaonana tena hapa, na mimi sipendi kumwona mtu yuleyule mara mbili."

Kadi ya vipimo ililetwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja mpole mwenye miwani. Kila asubuhi tepu ya kupimia ilitakiwa kuzungushwa kifundoni kama mtu anayeandika nane, ipite chini ya wayo na juu ya kifundo, kisha namba iandikwe. Mguu mzima ulikuwa na sentimita hamsini na nne. Mguu mgonjwa ukifika hapo, au ukikaribia sana, itajulikana kwamba ndani kumepona.

"Apime mtu mmoja, siku zote," mtaalamu alisema. "Watu wawili hawana mkono mmoja. Na tepu ilale juu ya ngozi kama shuka linavyolala kitandani. Haivutwi." Akaishusha miwani, akamtazama Sisimizi. "Wewe utapima. Mkono wako hauna haraka."

Sisimizi alikuwa na miaka kumi na mbili, na hakuna mtu mzima aliyewahi kumkabidhi kazi kubwa namna hiyo.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu, kadi ilisema hamsini na saba. Wiki hiyohiyo simu ya Mnara ililia. Aliyepiga alikuwa kocha wa timu ya taifa. Timu ilikuwa imefuzu kucheza mashindano ya bara kwa mara ya kwanza tangu Mnara akiwa mtoto wa shule ya msingi.

"Mtaalamu wako akitia sahihi, nafasi ni yako," kocha alisema. "Asipotia, nitamwita mwingine. Nina wiki tatu tu."

Mnara alikata simu, akabaki ameishika kifuani. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Mashindano mengine yangekuja baada ya miaka minne.

"Huko mbele mimi sipo," alisema, kama anayejiambia mwenyewe.

Siku hiyo alasiri, katika chumba cha mbele, mama alikuwa akimpima mteja aliyetaka gauni la sherehe.

"Pumua, mama," alimwambia mteja.

"Mbona napumua?"

"Hupumui. Umelivuta tumbo ndani. Nikishona kwa kipimo hiki, siku ya sherehe utakaa chini halafu mshono ubaki umesimama."

Mteja akacheka, na tumbo likarudi mahali pake. Zikaongezeka sentimita sita. Sisimizi alicheka mpaka akaangusha kopo la vifungo.

Asubuhi iliyofuata alipiga magoti kando ya kitanda kama kawaida.

"Ngapi?" Mnara aliuliza.

"Hamsini na saba."

"Na jana?"

"Hamsini na saba."

Mnara alitazama dari. "Vuta kidogo."

"Mtaalamu alisema haivutwi."

"Mtaalamu hajawahi kuvaa jezi ya taifa. Vuta kidogo tu, mdogo wangu. Mguu ni wangu, mimi ndiye ninayejua unavyojisikia."

Sisimizi aliwakumbuka wenzake darasani. Alikuwa amekwisha kuwaambia kwamba dada yake angeonekana kwenye televisheni. Akaivuta tepu. Ngozi ikafanya mikunjo pembeni, na namba ikashuka: hamsini na sita.

"Andika," Mnara alisema.

Akaandika. Alipokuwa njiani kwenda shule alijituliza kwamba hakusema uongo, maana namba ile aliisoma kwenye tepu kwa macho yake mwenyewe. Kesho yake alilazimika kuvuta tena, ili namba isipande. Siku ya tatu akavuta zaidi kidogo, ili ionekane inaendelea kushuka. Uongo una kazi nyingi kuliko cherehani: ukishauanza, kila siku unadai mshono mpya. Baada ya wiki mbili kadi ilikuwa na safu nzuri ya namba, na ya mwisho ilikuwa hamsini na tano.

Siku mbili kabla ya kwenda hospitali kwa mtaalamu, Mnara hakukanyaga chini. Aliulaza mguu juu, akauzungushia barafu mchana kutwa. Mtaalamu alipopima, akapata hamsini na tano na nusu.

"Unauma?"

"Hapana," Mnara alijibu, na kidole gumba cha mguu kikajikunja.

"Kipimo cha siku moja hakinitoshi," mtaalamu alisema. "Mguu unaweza kutulia siku moja ukamhadaa mtu. Lakini hapa nina kadi." Akaisoma kuanzia juu hadi chini, akatia sahihi. Kisha akamgeukia Sisimizi. "Mkono mzuri."

Sisimizi aliuficha mkono huo nyuma ya mgongo.

Mechi ya kwanza waliitazama kwa jirani msusi, mwenye televisheni kubwa. Wateja walikaa na nywele zilizosukwa nusu. Mnara aliingia katika robo ya pili. Dakika ya nne aliruka, akaudaka mpira juu ya vichwa vyote, akatua kwa mguu wa kulia. Hakuna aliyemgusa. Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo, akaushika mguu kwa mikono miwili na hakuinuka.

Msusi alipunguza sauti ya televisheni. "Ndiyo maana walisema, asiyesikia la mkuu..."

"Usimalizie," mama alisema. "Huyo mwenye guu ni mwanangu."

Timu ilifungwa, ikafungwa tena, ikarudi nyumbani. Mnara alirudi kwa kiti cha magurudumu, moja kwa moja hadi wodini. Alikuwa amegeukia ukuta. Watu walioleta maua hakuwajibu, na walipokwisha kuondoka alimwomba nesi ayatoe.

Daktari wa upasuaji alikuja Jumamosi, picha za eksirei mkono mmoja, kadi mkono mwingine. Nyuma yake alisimama mtaalamu wa viungo, na uso wake ulikuwa umesawijika. Mama alikuwa amekaa kwenye stuli, Sisimizi amesimama miguuni pa kitanda.

"Skrubu moja imepinda na kano zimeachia," daktari alisema. "Kinachonisumbua ni hii kadi. Uvimbe ulishuka vizuri, siku baada ya siku. Maana yake kano zilikuwa zimeshika, na bado zimeachia kwa mruko mmoja. Basi hata nikizishona tena zitaachia tena. Jumatatu nitaunganisha mifupa, kifundo kiwe kitu kimoja. Hakitauma, ila hakitakunjika tena."

"Hakitakunjika kabisa?" mama aliuliza.

"Kabisa. Ngazi atapanda kwa taabu. Kukimbia asahau."

"Labda nilikosea mimi," mtaalamu alisema kwa sauti ndogo. "Nina wagonjwa wengine wanane kwenye mazoezi hayahaya. Nimewasimamisha wote."

Sisimizi alimtazama dada yake. Mnara aligeuza kichwa kidogo, akatikisa. Midomo yake ikasema bila sauti: nyamaza. Daktari na mtaalamu walipotoka kwenda kitanda cha pili, alimvuta mdogo wake mkono.

"Usiseme kitu," alinong'ona. "Kucheza sitacheza tena hata hivyo. Waache waiunganishe hiyo mifupa. Kwa nini na wewe uchafuke?"

"Si watakuunganisha mifupa kwa sababu ya namba zangu?"

"Zilikuwa namba zangu," Mnara alisema, akageukia ukuta.

Sisimizi alisimama pale mpaka nyayo za daktari zilipoanza kuelekea mlangoni. Ndipo akaingiza mkono kwenye mkoba wa mama, akatoa tepu. Mama hutembea nayo kama wengine wanavyotembea na leso. Akamfuata mtaalamu, akamshika koti.

"Shikamoo. Naomba uketi. Naomba na mguu wako."

Mtaalamu alishangaa, lakini akaketi kwenye kitanda kitupu, akavua kiatu. Sisimizi alizungusha tepu kama nane, akailaza juu ya ngozi. "Arobaini na tisa," alisoma. Kisha akakaza meno, akavuta. Ngozi ikafanya mikunjo pembeni. "Arobaini na saba. Hivi ndivyo nilivyopima. Wiki mbili zote. Haukuwahi kushuka chini ya hamsini na saba."

Mtaalamu alitazama mikunjo kwenye mguu wake mwenyewe, kisha akavua miwani.

"Nilimwambia mimi," Mnara alisema kutoka kitandani. "Na nilipokuja kwako nilikuwa nimeukanda kwa barafu siku mbili. Mguu uliniuma, nikasema hauumi."

Daktari wa upasuaji aliikunja kadi mara mbili. Alikuwa amekasirika, na hakuficha. "Miaka kumi na tano nakata watu miguu na kuishona," alisema. "Mwili haujawahi kunidanganya hata mara moja. Wanaonidanganya ni wenye miili." Akamgeukia Sisimizi. "Lakini umesema leo, hukungoja Jumatatu. Kama uvimbe haukuisha, kano hazikuwa zimeshika. Hazikupewa muda. Nitazishona upya, tuone. Kifundo kinaweza kukunjika."

"Na mpira?" Sisimizi aliuliza.

"Mpira hapana. Sitaki kukudanganya na mimi."

Sisimizi alikuwa ametumaini kwamba ukweli ungerudisha kila kitu. Haukurudisha. Jezi ya Mnara ilipewa mchezaji mwingine. Shuleni wale waliobandika picha walianza kuibandua, mmoja mmoja, na aliyekuwa akikaa naye dawati moja alisema tu, "Pole," kisha akatazama pembeni. Wagonjwa wanane wa mtaalamu waliendelea na mazoezi yao. Lakini mtaalamu hakumwambia Sisimizi tena kwamba ana mkono mzuri.

Mnara alirudi nyumbani baada ya wiki mbili. Jioni hiyo mama alimwita Sisimizi chumba cha mbele. Aliendelea kutunga uzi kwenye sindano.

"Unamkumbuka yule mteja wa tumbo?"

"Namkumbuka."

"Ulicheka sana."

Sisimizi aliinamisha kichwa. "Nilidhani namsaidia dada."

"Najua. Na dada yako alidhani anajisaidia. Wote wawili mlikuwa na nia njema, na nia njema haijawahi kushika mshono." Mama aliuma uzi, akaukata. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Bahati yetu, kilichotuumbua ni mguu tu. Sikiliza, mwanangu. Kipimo si zawadi ya kumpa mtu unayempenda. Ukimpenda mtu, mpe kipimo chake cha kweli, hata kama atanuna. Atanuna asubuhi moja. Ule mguu atatembea nao maisha yake yote."

"Daktari anasema huenda akachechemea."

"Huenda. Sitakwambia hapana." Mama alimpa tepu. "Kadi mpya iko mezani. Mtaalamu ameuliza nani atapima. Nimemwambia yuleyule."

Sisimizi alidhani amesikia vibaya. "Mimi?"

"Nani mwingine anajua zaidi yako jinsi tepu inavyovutwa?"

Asubuhi, baada ya kufagia na kubandika maji, alipiga magoti kando ya kitanda. Mnara alikuwa macho, ametazama dari. Mguu ulikuwa umevimba, unang'aa kama mtungi uliopakwa mafuta. Sisimizi aliizungusha tepu kama nane, akailaza juu ya ngozi, akaondoa vidole ili asije akavuta bila kujua.

"Ngapi?"

"Sitini na moja."

Mnara alifumba macho. Chozi likashuka hadi sikioni, na hakulifuta.

"Andika," alisema.