Taulo Jeupe

Duka lilifurika siku hiyo, bei zimeshushwa, na bondia mrefu alikuwa amekwama katikati ya akina mama wanaogombania mashuka.

"Kaka, unatafuta taulo au mchumba?" muuzaji alimtania. Alivaa gauni la manjano, kalamu ameichomeka kwenye nywele.

"Taulo jeupe. Mchumba nikimpata, sikatai."

"La kuogea?"

"La ulingoni. Bondia akizidiwa, watu wake wanalirusha ndani, pambano linaishia hapo. Zamani walirusha sponji. Ndiyo maana Waingereza wakisema mtu ametupa taulo, wana maana amekata tamaa."

"Kwa hiyo unanunua kukata tamaa kwa pesa yako mwenyewe?"

Bondia akacheka mpaka akashika mbavu. Kesho yake alirudi kununua taulo asilolihitaji, na baada ya hapo alikuja bila hata kisingizio. Jioni zikawa za simu.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Nimekukosa wewe tu."

"Uongo mtamu huo. Endelea."

Mjomba wake bondia, ndiye mwalimu wake, aliwahi kumrushia taulo mwaka uliotangulia, na aibu ile ilikuwa bado imemkaa kooni. Siku ya kugombea ubingwa bondia alilitoa lile taulo jeupe begani kwa mjomba, akamvika mpenzi wake shingoni.

"Shika wewe. Niahidi hutalirusha."

"Nakuahidi," alisema, maskini, kwa mapenzi tu, bila kujua anaahidi nini.

Raundi ya saba jicho la kushoto lilivimba likafumba. Raundi ya nane bondia akawa anapiga hewa, mpinzani yuko upande mwingine kabisa. Ukumbi mzima unapiga kelele, "Kaza! Kaza!"

"Binti, huyo haoni!" mjomba alimfokea. "Rusha!"

Alirusha huku analia.

"Nilikuwa nimesimama!" bondia alifoka kwenye chumba cha kubadilishia nguo. "Mjomba angerusha, ningemsamehe. Lakini wewe? Wewe ndiye umenikatia tamaa!"

"Sijakukatia tamaa, mpenzi. Niliogopa kukupoteza."

Akampa mgongo. Baada ya hapo kila msichana akimpigia, simu iliita mpaka ikakatika yenyewe. Dukani alikosea kurudisha chenji, nyumbani chakula hakikupita.

Hatimaye bondia akatokea dukani, miwani myeusi usoni, shati limepigwa pasi. Mkononi ana lile taulo, limefuliwa na kukunjwa vizuri.

"Daktari anasema ngumi moja zaidi, jicho lingepofuka. Umeniokoa. Asante."

Moyo wa msichana uliruka kwa furaha. "Basi vua miwani, nitazame."

Aliivua. Alijitahidi kweli, masikini ya Mungu, kisha akainamisha uso.

"Kila nikikutazama naona taulo linaruka. Nimejaribu, laazizi. Nimeshindwa."

"Ulitaka nikuache upofuke?"

"Hapana."

"Kwa sababu nikirudishwa pale, nitalirusha tena."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana naondoka."

Aliliweka taulo juu ya meza ya mauzo, akapenya katikati ya wateja, akatoka. Msichana alibaki amelishika, hasikii kelele za duka.

"Dada, hilo jeupe bei gani?" mteja mmoja aliuliza. Ilibidi aulize tena.

"Hilo limeshatumika, mama," alijibu, na machozi yakamtoka mbele za watu.