Niliitupa Chooni Pasipoti ya Mke Wangu

Nina miaka arobaini na sita. Ninaishi Mkata, wilaya ya Handeni, na ninaendesha mashine ya kusaga nafaka. Nina mke mmoja na watoto wawili. Mke wangu nitamwita Habiba. Si jina lake, ila nimeshamwaibisha vya kutosha na sitaki kumwongezea.

Ndugu wasomaji, ninayoyaandika hapa sikuwahi kumwambia mtu yeyote kwa ukamilifu. Hata kwenye kikao cha ukoo nilisema nusu tu. Leo nimeamua niyatoe yote, mnicheke mkitaka.

Habiba nilimwoa Mazinde, kule kwenye mashamba ya mkonge. Marehemu baba yake alikuwa mkata mkonge na mcheza bao. Hakuwa na mtoto wa kiume, na jioni alipokosa mtu wa kucheza naye alichimba mashimo uani, mistari minne, akamkalisha binti yake upande wa pili. Habiba alijua kuhesabu komwe, zile mbegu za kuchezea bao, kabla hajajua kuandika jina lake.

Kwetu mambo yalikuwa tofauti. Baba yangu hakutaka kuliona bao. Alikuwa akituambia bao ni mchezo wa mtu aliyewaachia ngedere mahindi yake. Nimekua mtu mzima nikipita kwenye vijiwe vya bao bila kusimama, kama alivyotuusia. Hata jina la shimo moja sikulijua... Na huo ujinga ndio ulioniponza!

Mwaka juzi Habiba alikwenda Korogwe kwenye harusi ya binamu yake. Huko akawakuta wazee wanacheza bao, akaomba kukaa. Wakacheka. Akawafunga mmoja baada ya mwingine! Habari ikafika kwa mwalimu mmoja mstaafu wa hapo Korogwe, Mwalimu Sempombe, ambaye hufundisha watu bao la mashindano. Akampigia simu mke wangu na kumwambia asiache kipaji hicho kikaozea jikoni.

Tangu hapo kila Jumamosi Habiba alipanda basi kwenda Korogwe. Alishinda mashindano ya mkoa. Akaenda Dar es Salaam, akashinda tena. Siku moja akarudi na barua. Alikuwa amechaguliwa pamoja na wenzake watatu kwenda Ulaya, kwenye mashindano ya kimataifa ya bao. Wanaume watatu na yeye peke yake mwanamke!

Nilimpongeza mbele ya watu. Moyoni nilisema: mh!

Hivi kweli Wazungu nao wanacheza komwe? Nani amewahi kusikia mtu amepandishwa ndege kwa ajili ya bao? Na huyu Mwalimu Sempombe, anapata faida gani kumhangaikia mke wa mtu? Kila sentensi ya Habiba ilikuwa Mwalimu, Mwalimu. Mwalimu kasema hivi, Mwalimu kaniletea matunda, Mwalimu ananisubiri. Alitaja jina hilo huku akitabasamu, na kila alipotabasamu mimi niliumia.

Rafiki yangu Hatibu, anayekaanga mihogo pale stendi, ndiye aliyemwaga petroli kwenye moto. Alinihesabia Jumamosi ambazo mke wangu alipanda basi akiwa amejipamba. Akaniambia, "Kaka, mwanamke hapaki wanja kwenda kucheza komwe."

Maneno hayo sikuyatoa kichwani. Nilianza kumchunguza Habiba. Nilinusa mitandio yake. Nilimuuliza mtoto mdogo kama mama huongea na simu akiwa jikoni. Nilihesabu dakika kuanzia basi linaposimama hadi anapofika mlangoni. Mtu mzima mimi!

Wiki ya safari ikafika. Walikuwa waondoke Jumapili. Siku ya Alhamisi umeme wa nyumbani ulikatika, Habiba akaniletea simu yake mashineni niichaji, akaenda kusuka. Simu ikalia. Ujumbe umetoka kwa Mwalimu Sempombe. Nikaufungua...

Ulisema: "Jumamosi ulilala pazuri sana. Sasa usiihurumie nyumba. Ivunje mapema, nenda safari. Mtaji unao, usimwonyeshe. Yule hatajua kilichompata."

Nikazima mashine, wateja wakabaki wananishangaa na ndoo zao za mahindi.

Ulilala pazuri! Jumamosi ile mke wangu alirudi saa kumi na moja jioni. Kumbe alilala mchana kweupe! Asiihurumie nyumba... nyumba ipi kama si yangu? Avunje, aende safari. Na huyo "yule" ambaye hatajua kilichompata ni nani kama si mimi, mjinga wa Mkata, niliyefunikwa na vumbi la pumba?

Nikaunakili ule ujumbe kwenye karatasi, neno kwa neno. Kisha nikaufuta kwenye simu.

Wasomaji, ningeweza kumuuliza. Saluni anaposuka ni hatua chache kutoka mashineni. Lakini mwenye wivu hataki jibu, anataka ushahidi! Nikaenda nyumbani moja kwa moja. Nilijua anapoiweka pasipoti yake, ndani ya sanduku la bati, chini ya kikoi alichoachiwa na marehemu baba yake. Nikaitoa. Viza imo, imebandikwa vizuri, na picha yake amekaza uso.

Nikaenda nayo chooni, nyuma ya nyumba. Choo chetu ni cha shimo. Nikaitumbukiza... Nikasikia ilivyodondoka.

Nawaambia ukweli, wakati ule niliona raha. Nilinawa mikono, nikarudi kuwasagia watu mahindi.

Ijumaa baada ya swala nikapanda basi kwenda Korogwe. Nilikuwa na karatasi yangu mfukoni na ngumi zangu tayari. Habiba alinipigia simu tukiwa tumeshapita Segera. Sauti yake ilikuwa ya kulia. Aliniuliza kama nimeiona pasipoti yake, amepekua sanduku lote, amemwaga hadi gunia la pumba. Nikamjibu kwa ukavu kwamba sijui na nina shughuli.

Korogwe niliuliza njia, nikaelekezwa nyumba yenye ua wa michongoma. Nikagonga kwa nguvu. Akatoka mama aliyepita makamo, mnene, amefunga bandeji gotini, miwani imening'inia shingoni. Nikalazimika kumwamkia kwanza, kwani alikuwa sawa na mama yangu.

"Shikamoo mama. Namtafuta Mwalimu Sempombe."

"Marahaba, baba. Umeshampata."

Nikamwambia hapana, namtaka mwalimu mwenyewe, anayefundisha bao. Labda mume wake. Akanitazama.

"Mume wangu alikwishatangulia mbele ya haki. Sempombe ni jina la baba yangu. Mwalimu wa bao ni mimi. Wewe nani mwenzangu?"

Ewe Mola wangu! Miezi yote ile Habiba alisema "Mwalimu kasema", "Mwalimu ananisubiri", na mimi kichwani nilishamvalisha Mwalimu suruali na masharubu! Sikuwahi kuuliza hata mara moja kama ni mwanamume au mwanamke. Na yeye hakufikiri kama kuna haja ya kuniambia.

Lakini bado nilikuwa na karatasi. Mshipa wa ubishi haukukatika. Nikajitambulisha, nikamsomea ule ujumbe, nikamtaka anieleze maana ya kumwambia mke wangu avunje nyumba.

Yule mama alicheka! Alicheka hadi akashika nguzo ya baraza. Akaniita ndani, akaweka ubao wa bao mezani.

"Njoo uone, mkwe wangu. Hili shimo la mraba, umeliona? Yote ya upande wako ni ya duara ila hili. Hili linaitwa nyumba. Ndimo unamoweka akiba ya kete zako. Ukizitoa ukazitawanya, nyumba imekwenda safari. Kete yako ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu imekwisha. Ukilala mahali ambapo mwenzio hawezi kukula, umelala pazuri."

"Na mtaji?"

"Mtaji ni njia ya kumla mwenzio. Habiba anayo njia moja nzuri mno, ndiyo nimemwambia asiionyeshe mapema."

"Na huyo yule?"

"Bingwa wao wa mwaka jana. Ndiye atakayekutana naye kwanza."

Karatasi yangu nikaikunja, nikairudisha mfukoni. Mwalimu akaanza kuniambia jinsi Habiba alivyo na kichwa, kwamba anaona mizunguko sita mbele, kwamba kwa miaka yote aliyofundisha hajapata mwanafunzi wa aina hiyo. Alikuwa na furaha ya mzazi. Kisha akaniuliza kama vitu vimekamilika. Pasipoti iko salama?

Nikaanza kulia. Nililia mbele ya mwanamke nisiyemjua, kwenye kiti chake. Na yeye akaacha kucheka. Akavifunika vile vishimo kwa kitambaa polepole.

"Umefanya nini, baba?"

Nikamweleza. Hakunitukana. Alisema tu kwamba niende kwa mke wangu, na nimwambie mwenyewe, nisimtume mtu.

Nilirudi Mkata jioni. Nyumba ilikuwa imepinduliwa juu chini. Habiba alikuwa amekaa sakafuni katikati ya nguo, na watoto wanatafuta chini ya vitanda. Nikawatoa watoto nje. Nikasema yote, kuanzia maneno ya Hatibu hadi shimo la choo.

Nilitegemea apige kelele. Nilitaka apige kelele! Hakupiga. Aliniangalia kama anaangalia mtu aliyepotea njia akaingia nyumba isiyo yake.

"Ungeniuliza," alisema. "Baba Salehe, si ungeniuliza tu?"

Basi. Akaanza kuzikunja nguo moja moja.

Jumapili wenzake watatu waliondoka. Pasipoti nyingine isingepatikana kwa siku moja, sembuse viza. Siku za mashindano Habiba aliamka, akapika, akafagia, akakaa na simu mkononi akisubiri habari. Yule bingwa alishinda tena. Mmoja wa wenzake alimtumia ujumbe kwamba bingwa huyo alianguka kwenye mtego uleule ambao Habiba alikuwa akiwategea wao mazoezini, ila aliyekaa mbele yake hakujua kuumalizia. Habiba aliusoma ujumbe huo mara mbili. Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza.

Wiki iliyofuata alikwenda kwao Mazinde na watoto. Nilimfuata mara nne na wazee wangu. Mara tatu za kwanza mama mkwe alitupa maji ya kunywa na kutusindikiza barabarani. Mara ya nne Habiba akakubali kurudi, kwa ajili ya watoto, alisema hivyo waziwazi mbele ya wote. Hatibu na mihogo yake sikumsogelea tena, ingawa najua kosa si lake. Yeye alisema, mimi ndiye niliyetenda!

Sasa Habiba ameitwa tena kwenye mashindano mengine ya kimataifa. Nilifurahi kwa dhati. Nilimwambia nitamnunulia sanduku lenye kufuli kwa ajili ya pasipoti mpya, na funguo akae nazo yeye.

Akanishukuru. Akasema hakuna haja, pasipoti yake ameshaiweka Korogwe kwa Mwalimu.

Ndugu zangu, hasa wanaume wenzangu, nawaomba kwa uchungu. Usisome ujumbe wa mwenzako halafu ukajitafsiria mwenyewe. Kama hujui mchezo, uliza majina ya mashimo! Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja. Hii yangu nalala nayo na kuamka nayo, na sijui itaisha lini. Mke wangu ananipikia, ananisalimia, ananiuliza kama mashine imeharibika. Amenisamehe, amesema hivyo mwenyewe, nami namwamini.

Ila juzi nilimuuliza safari ni tarehe ngapi, ili nimsindikize hadi uwanja wa ndege. Alikuwa anachagua mchele. Hakuinua kichwa.

"Utajua siku ikifika," akanijibu.