Msusi Aliyemsuka Mwanawe Usingizini

Wazazi wenzangu, na ninyi mnaosema "mtoto akinishinda nitamnyoosha", vuteni viti mkae. Kisa hiki hakikutokea mbali, na aliyeniruhusu kukisimulia ni mama mwenyewe aliyekifanya. Aliniambia, "Wasimulie. Mimi nimeshaaibika vya kutosha, labda aibu yangu itamfaa mtu."

Saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba yao, mlango unatazama barabara. Kuna vioo, viti vya kuzunguka ambavyo kimoja hakizunguki tena, ndoo ya kuoshea nywele na draya kuukuu. Tunamwita Mama Mistari, kwa sababu akikupasua njia kichwani kwa kitana chake chenye mkia, inanyooka kama imepigwa rula. Asubuhi, kabla wateja hawajajaa, pale palikuwa patulivu. Mama Mistari anakunja taulo, wifi yake anayemsaidia kazi anachambua nywele za bandia, na binti yake wa pekee yuko chini ya meza anapanga vibanio kwa rangi. Vyekundu peke yake, vya njano peke yake, akikosea kimoja anaanza upya bila kunung'unika. Ungemwona saa hizo ungesema hakuna mtoto mpole kama yeye.

Kisha mtu anawasha draya.

Mtoto anaziba masikio, anapiga ukelele unaosikika hadi ng'ambo ya barabara, anajigonga kichwa ukutani, na anayemkamata anang'atwa. Maneno alikuwa nayo machache, na darasani hakukaa. Na jambo moja lilimshinda kuliko yote: kuguswa kichwa. Kitana kikimkaribia tu, ilikuwa vita. Kwa hiyo binti wa msusi bora kuliko wote mtaani alitembea na nywele zilizosokotana, zimesimama hovyo.

Mnatujua sisi na midomo yetu. "Kinyozi hajinyoi," wateja walimtania, naye akacheka pamoja nao, halafu akaenda uani kama anayechota maji na kurudi macho mekundu. Watoto wa mtaa wakampa binti jina la Kichaka. Baba yake, dereva wa malori, akirudi safari alisema maneno yaleyale, "Kwetu hakuna mtoto wa namna hii," kisha akaondoka tena na lori lake. Naye wifi mtu alikuwa na dawa yake ya kila siku.

"Wifi, huyu umemdekeza. Niachie mimi wiki moja tu uone."

"Wiki moja utabaki na vidole vingapi?" Mama Mistari alimjibu.

Lakini moyoni alikuwa anaumia, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Siku moja mwalimu wa darasa alimnong'oneza kwamba shule ya upande wa pili wa soko ina darasa la mahitaji maalumu: watoto wachache, chumba kisicho na makelele, mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Ila mtoto haingii mpaka apimwe na mpimaji kutoka ofisi ya elimu.

Hapo tumpe haki yake. Mama huyo alihangaika. Alifunga saluni siku ambazo wateja wanapanga foleni, akakaa kwenye mabenchi ya ofisi na mtoto mapajani. Mkubwa hayupo. Njoo wiki ijayo. Umekosea mlango, mama. Akajibu, "Nionyesheni mlango wenyewe basi, nao nitakaa mbele yake." Mwisho walichoka wao kabla yake, wakampa siku. Mpimaji angekuja shuleni, katika ofisi ya mwalimu mkuu, na mwenyekiti wa kamati ya wazazi angekuwepo.

Sasa sikilizeni aibu inavyofanya kazi. Huyu mama hakuona haya kubembeleza maofisa asiowajua. Haya ilimjia alipokumbuka kwamba mwenyekiti ni mteja wake.

"Utampeleka na kichwa hicho?" wifi mtu akauliza siku moja kabla. "Mbele ya mwenyekiti? Watasema msusi mzima kashindwa na kichwa cha mwanawe."

Mama Mistari aliendelea kukunja taulo. Akakumbuka kwamba binti alipougua mafua, dawa ya maji aliyopewa ilimlaza hata akabebwa bila kushtuka. Chupa ilikuwa bado kabatini. Asubuhi ya siku ya kupimwa aliimimina kwenye chai ya mtoto, akaongeza sukari, akamwambia, "Kunywa, mama." Mtoto akanywa yote, kwani mkono uliompa ulikuwa wa mama yake.

Alipolegea, mama alimlaza kichwa mapajani akamsuka. Mistari midogo, imekaa safi, na vibanio vyekundu nchani. Ilikuwa mara ya kwanza kupitisha vidole katika nywele za mwanawe bila kilio. Aliniambia kwamba katika yote aliyoyafanya, linalomwaibisha kuliko mengine ni hili: alikuwa na furaha. Alikuwa anaimba.

Ofisini mtoto alikaa kimya, macho mazito. Mwenyekiti alipoziona zile nywele alitabasamu, akasema, "Leo mrembo kweli." Mpimaji, mwanamke mpole asiyependa kuharakishwa, alimtazama mtoto, kisha akamgeukia mama.

"Mwalimu anasema kelele zinamsumbua sana."

Mama Mistari alimtupia jicho mwenyekiti. "Kawaida tu, kama watoto wengine."

"Anauma watu? Anajiumiza?"

"Zamani kidogo. Siku hizi hapana."

"Na kichwa? Wengine hawapendi kabisa kuguswa kichwa." Mpimaji alishika msuko mmoja. "Nani kamsuka hivi?"

"Mimi mwenyewe."

"Akakubali kukaa muda wote huo?"

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi hapo, mpana, na hata kusukumwa haukuhitaji. Mama Mistari akasema, "Alikaa."

Mpimaji alifikiri kidogo. Alisema ana watoto wengi wanaosubiri nafasi chache, na mtoto anayeweza kutulia hadi asukwe mistari midogo namna ile anaweza kutulia katika darasa la kawaida, akifundishwa kwa upole. Akamshauri mama amlaze mapema. Basi. Kazi ya miezi yote ya mabenchi iliishia pale.

Alasiri mtoto aliamka, akajigusa kichwa. Sitawaeleza yote. Alijing'oa misuko kwa mikono, mingine ikatoka na ngozi, na mama alipokuja na mkasi kumfumua, mtoto alimtazama kama mtu asiyemjua. Tangu siku hiyo hakupokea kikombe kutoka mkononi mwake.

Shuleni mambo yalibadilika. Zamani mwalimu alimruhusu kukaa karibu na mlango, akaziba masikio kengele ikigongwa. Sasa ilisemwa, "Amepimwa, ni mzima. Huu ni utundu." Akahamishiwa mstari wa mbele, na mikono ikatolewa masikioni kwa nguvu. Asubuhi moja kengele iligongwa na kiranja akiwa amemshika mikono yote miwili. Binti alijinyofoa akasukuma dawati, dawati likamwangukia msichana aliyekaa jirani, likamvunja vidole.

Mwalimu mkuu aliitisha kikao cha wazazi ili mtoto aondolewe shule. Nani angemlaumu? Alimwambia Mama Mistari waziwazi, "Tulikusikiliza. Mpimaji akaja. Wewe mwenyewe ulisema hana shida." Akiondolewa pale, darasa maalumu asingelifikia kamwe, maana hakuna anayempima mtoto asiye na shule. Angebaki chini ya meza ya saluni na vibanio vyake maisha yote.

Kikao kilikuwa darasani, wazazi wamejibana kwenye madawati ya watoto wao. Mbele alikaa mama wa msichana aliyeumia, na mwanawe pembeni na plasta mkononi. Wifi mtu, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa amepoteza maneno ya kejeli, aliinama akanong'ona, "Sema mpimaji alikosea. Nani atajua?"

Na kweli, hakuna ambaye angejua. Mama Mistari akasimama.

"Mpimaji hakukosea," alisema. "Nilimnywesha mtoto dawa ya usingizi kwenye chai ili nimsuke. Niliona haya msije mkasema msusi kashindwa na mwanawe. Kila nilichoulizwa nilijibu uongo. Mwanangu kelele zinamuumiza. Anauma. Anajigonga ukutani. Kichwa haguswi. Si utundu, na nyinyi mlimkalisha mbele kwa sababu mimi niliwadanganya."

Mtu nyuma alisema, "Mama gani huyu?" Mama Mistari alimsikia. Akamgeukia mama wa msichana. "Vidole vya mwanao nimevivunja mimi. Mwanangu hana kosa. Msije kwangu kusuka tena kama hamtaki, lakini yeye naomba apimwe upya, kama alivyo."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alitazama sakafu. Kisha mama wa yule msichana akasema, "Mimi sijakusamehe. Lakini mtoto apimwe." Ndilo lililopita.

Safari hii mpimaji hakutoa taarifa kwamba anakuja. Aliingia saluni siku ya kazi, akakaa kwenye kiti kisichozunguka, akangoja kama mteja. Draya ilipowashwa aliyaona yote kwa macho yake. Akauliza maswali yaleyale, na Mama Mistari akajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, mbele ya wateja, uso unamwaka.

"Nafasi niliyokuwa nayo siku ile nilimpa mtoto mwingine," mpimaji akamwambia. "Utangoja mwaka mpya wa masomo."

"Nitangoja."

"Angekuwa ameshaanza."

"Najua," alisema Mama Mistari.

Alingoja, na wateja wake wengine walikwenda kusuka kwingine, wakisema hawawezi kumkabidhi kichwa mtu anayelewesha watoto. Hakuwafuata. Hatimaye binti aliingia darasa maalumu. Leo ana vifuniko vya masikio anavyovaa mwenyewe kengele ikikaribia. Nywele zake ni fupi, zinakatwa kwa mkasi kidogo kidogo, na anaposema "basi", mkasi unawekwa chini. Anaandika jina lake. Nenda ukamwone, utafurahi.

Lakini juzi nilikuwa kwenye kiti cha Mama Mistari, anaanza kunisuka, binti akarudi kutoka shule na begi lake. Mama aliacha kichwa changu, akammiminia chai, akampa kwa mikono miwili. Safari hii binti alikipokea kikombe. Akakinusa. Akamtazama mama yake, akakiweka mezani taratibu, akaenda bombani kunywa maji kwa kiganja.

Mama Mistari akarudi kunichana njia. Ile njia ilikwenda kombo. Akaifuta, akaanza tena.

FUNZO

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wengi tunadhani neno hilo ni la mambo ya uzazi peke yake. Ni la kila anayeomba msaada huku ameficha kidonda. Ukienda kumtafutia mwanao haki yake, mpeleke yeye mwenyewe, na nywele zake, na kelele zake. Usimpeleke yule unayetamani awe, kwa sababu yule hana shida, na msaada utapita uende kwa mwingine. Maswali ya mpimaji yajibu kweli hata kama jirani yako anasikia.

Na sisi majirani tuache kujitoa lawamani. Maneno yetu ya kinyozi hajinyoi yalikuwamo katika kikombe kile cha chai pamoja na dawa. Mzazi akimwonea haya mwanawe, mara nyingi ni macho yetu anayoyaogopa. Tuyainamishe, kabla mtoto mwingine hajajifunza kunusa chai ya mama yake.