Sauti Iliyovuka Ukuta

Kila asubuhi Jeilani huvuka mkondo kwenda Ras Kitau, ng'ambo ya Shela, kwenye kazi yake ya boti. Huwabeba wageni wa hoteli hadi Shela na kuwarudisha. Huimba akishika usukani, huimba akifunga kamba, mpaka wenzake wamechoka kumwambia anyamaze. Abubakr, fundi wa mashine, husema boti ile ina injini mbili, na moja haizimiki.

Jeilani hakuwa na meneja wala kampuni ya muziki. Alikuwa na simu, kompyuta kuukuu, na wimbo mmoja aliouamini kuliko nyimbo zake zote. Aliuita "Pembe za Langoni". Langoni ndio mtaa wao hapo mjini Lamu. Arusini, wanawake wa mtaa hucheza vugo. Hugonga pembe za nyati kwa vijiti na kuimba kwa kupokezana. Wanaume hawaingii. Lakini sauti haina adabu ya mlango. Hupanda ukuta ikashukia njiani.

Jioni moja ya arusi Jeilani alipanda darini kwa jirani akarekodi. Alizipata pembe, na akaipata sauti ya mwanamke aliyekuwa akiongoza. Akaikata sauti ile na kuitia katikati ya wimbo wake. Ikakaa vizuri kama pete kidoleni. Moyoni akajiambia kwamba kinachosikika njiani ni cha wapita njia.

Sasa, msanii asiye na kampuni hupitia kwa msambazaji ili wimbo wake ufike kwenye majukwaa ya muziki mtandaoni. Humpelekea wimbo na picha ya jalada. Huandika majina ya waliohusika, huchagua tarehe ya kutoka, na msambazaji huupeleka kote. Jeilani aliyafanya yote hayo gatini, akingoja wageni. Aliulizwa kama sauti zote ni zake au ana ruhusa ya wenyewe. Akabonyeza ndiyo. Hakusoma vizuri, maana alikuwa na haraka ya kuwa maarufu. Wimbo ulipangiwa kutoka Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Siku ile ile alikata kionjo kifupi, akakituma kwenye kundi la wafanyakazi wenzake. Jioni akamsikilizisha mkewe, Safaa.

Safaa alianza kwa kutikisa kichwa akifuata pembe. Kisha kichwa kikasimama.

"Huyu ni shangazi Hadia," akasema.

 Jeilani alijua tangu darini. Bi Hadia ndiye aliyemlea baada ya wazazi wake kufariki. Ni mwanamke wa kujisitiri. Akitoka nje hufunika uso, na sauti yake ya kuimba haijawahi kusikiwa na wanaume kwa ridhaa yake.

"Ijumaa wanaume watamsikiliza barazani, kahawa mkononi," Safaa akasema. "Utamwambia wewe, au ataambiwa?"

Tangu hapo Jeilani hakupata raha. Chakula kilimshinda. Alijaribu kuipunguza sauti ile ndani ya kompyuta, lakini hata ilipokuwa ndogo bado ilikuwa ya Bi Hadia. Alijaribu kuitoa, na wimbo ukabaki na shimo. Akawaza pengine hakuna atakayeitambua. Akawaza pengine shangazi hatajua, kwa kuwa simu yake ni ya vitufe.

Asubuhi ya pili akashuka gatini akamkuta Abubakr ameinama juu ya injini, anapiga mluzi. Ulikuwa ni ule mstari wa shangazi.

"Kionjo chako kimenikaa kichwani," Abubakr akasema. "Lakini yule mwanamke, Jeilani, namfananisha. Mke wangu naye akisikia atanambia ni nani."

 Siku nzima Jeilani hakuimba, na wenzake wakamuuliza kama anaumwa.

Jioni alimwendea Keziah. Keziah ni mwalimu kutoka bara, amepanga chumba jirani na kwao. Huimba nyimbo za kanisani, na huzitoa mwenyewe mtandaoni. Jeilani alimweleza yote, akitazama sakafu. Keziah hakumcheka wala hakumgombeza.

"Tarehe imefika?" akauliza.

"Bado."

"Basi uko na nafasi. Ndiyo maana tunaambiwa tuweke tarehe mbali, wiki tatu au nne, ili kosa lirekebishwe kabla watu hawajasikia. Ingia kwa akaunti yako uombe wimbo uondolewe. Fanya hivyo sasa, usingoje Alhamisi, kwa sababu majukwaa mengine huchelewa. Wimbo ukishatoka unaweza kuondolewa pia, lakini waliourekodi kwa simu zao utawafuata wapi? Maji yakimwagika hayazoleki."

Jeilani akabonyeza palipoandikwa ondoa. Ukaja ujumbe kwamba ombi lake linashughulikiwa. Halijakubaliwa, linashughulikiwa. Akautazama ujumbe ule mpaka skrini ikazima.

Keziah akaendelea kumfafanulia taratibu. Sauti ya mtu ni mali yake, hata kama imesikika njiani. Aliyeimba anaombwa ruhusa, aliyetunga maneno anaombwa ruhusa, aliyepiga ala anaombwa ruhusa. Hata mdundo ulioandikwa mtandaoni kuwa ni wa bure, soma masharti yake kwanza. Mkishakubaliana, andikeni kila mmoja atapata fungu gani na jina lake litaandikwaje, nyote mtie sahihi. Lile swali ulilojibu ndiyo bila kusoma, akasema, ni kama kiapo. Mwenye sauti akilalamika, wimbo unashushwa, na hata akaunti yako inaweza kufungwa.

"Lakini hayo ni ya mtandao," Keziah akamalizia. "Shangazi yako si mtandao. Yeye nenda kwake."

Alimkuta Bi Hadia ukumbini, anazifuta pembe kwa kitambaa kabla ya kuzifunga kwenye leso. Jeilani alikaa mkekani.  Mficha uchi hazai, akajiambia, akasema yote bila kujitetea. Bi Hadia akataka kuusikia. Akausikiliza mpaka mwisho, kitambaa mkononi. 

"Waume umewasikilizisha?" akauliza mwishowe.

"Wenzangu wa boti, shangazi. Kipande. Nitawaomba wakifute, mmoja mmoja."

"Mimi nikipita ndiani uso wangu hauonekani, na mtu hunisalimu kwa jina. Hunijua kwa sauti. Ukiitukua sauti yangu, umenifunua uso." Akaiweka pembe chini. "Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa utakataa."

"Basi jibu wajua."

Jeilani akainamisha kichwa. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Bi Hadia alimwacha alie. Alipomaliza, akamwambia kwamba wimbo wenyewe si mbaya, ila yeye anaimba kama mtu anayefukuzwa, apunguze mbio. Kisha akatoa hukumu yake. Sauti yake ni ya arusini na itabaki arusini. Pembe hazina haya, hizo atampa, lakini zirekodiwe mbele yake. Na yale maneno ni yeye aliyeyatunga. Jeilani akitaka kuyaimba, ayaimbe kwa sauti yake mwenyewe, na aandike ni ya nani.

Siku ya tatu ujumbe ukaja kwamba wimbo umeondolewa. Jeilani alisujudu palepale gatini. Abubakr na wenzake walikuwa wamekwisha kufuta kipande, na hakuna aliyetaja jina.

Wakarekodi upya ukumbini. Safaa alishika simu, Bi Hadia na wenzake wawili wakagonga pembe, midomo imefumbwa. Ile sehemu ya shangazi akaiimba Jeilani, polepole kama alivyofunzwa. Keziah aliwasaidia kuandika mapatano. Waliyasoma kwa sauti, wote wakatia sahihi. Safari hii Jeilani alisoma kila swali kabla ya kubonyeza, na tarehe akaiweka mbali.

Wimbo ulitoka ukapokewa vizuri. Ulipigwa Shela na Mombasa, na msikilizaji mmoja wa Maskati akaandika kwamba umemkumbusha kwao. Fungu la kwanza la fedha lilipoingia, ingawa lilikuwa dogo, waligawana kama walivyoandikiana.

Lakini Bi Hadia hakuuliza habari za Maskati. Alimtaka Jeilani amsomee pale palipoandikwa: maneno, Hadia. Akamtaka asome tena.

"Hilo na walijue," akasema.

Mwezi uliofuata kukawa na arusi Langoni. Jeilani alikuwa anarudi kazini, akasikia pembe, kisha sauti ya shangazi ikavuka ukuta ikamjia, nzuri kuliko wakati wowote. Simu ilikuwa mfukoni. Akaiacha humo, akaongeza mwendo, akapita.