Balbu ya Wati Mia

"Kaskazi, unanisikia? Mzigo usifike Chalinze."

Sauti ya Najim, mkuu wa operesheni, ilikwaruza kwenye kidude kilichofichwa sikioni mwa Mwanamkasi, ambaye kazini aliitwa Kaskazi. Wakati huo jasusi wake alikuwa amefungiwa ghalani Mlingotini, na petroli ilikuwa inamwagika.

Sufiani, msafirishaji wa vilipuzi, alifanya makusudi. Alimpokonya Mwanamkasi bastola yake ya Beretta, akatoboa pipa la petroli, kisha akamwonyesha guta la umeme, la magurudumu matatu ya kubebea mizigo, lililoegeshwa mle ndani, betri yake imechomolewa.

"Unganisha uondoke," alisema akicheka. "Cheche moja tu, dada."

Akafunga mlango wa mbao kwa nje, akaenda kupakia lori.

Mwanamkasi aliogopa. Tuseme ukweli, aliogopa sana. Harufu ilimkaba koo na kichwa kikaanza kumzunguka. Msaada ulikuwa Mapinga, dakika ishirini.

Dakika ishirini hakuwa nazo.

Alizikagua nyaya. Ncha zilikuwa nyeusi kwa kuungua. Watu hawa walikuwa wakiunganisha kwa pupa kila siku.

Urvashi asingewavumilia. Kwa miezi mitatu Mwanamkasi alijifanya muuzaji katika duka la vipuri la mama huyo, Bagamoyo mjini, na wimbo ulikuwa uleule: kontrola, kifaa kinachogawa umeme wa betri kwenda kwenye mota, ikiwa tupu hufyonza umeme kwa mkupuo, ndipo cheche inaporuka. Ionjeshe kwanza.

"Nyumba ya watu unaingia bila hodi?" alimfokea siku ya kwanza alipounganisha betri moja kwa moja, akamtupia balbu ya kuionjeshea.

Balbu.

Ilikuwa inaning'inia darini, ya kizamani, ya wati mia, imezimwa. Akapanda juu ya guta, akaifungua. Mvuke wa petroli hutambaa chini, kwa hiyo betri akaipandisha juu kabisa ya guta, usawa wa tundu la hewa ukutani. Waya mmoja akaufunga. Wa pili akaupitisha kwenye balbu.

Akagusisha.

Balbu iliwaka, ikafifia, ikazima. Kontrola ilikuwa imeshiba.

Akaunganisha moja kwa moja.

Hakuna cheche.

"Bismillahi," alisema, akaketi kwenye usukani na kuliondoa guta kwa kasi.

Guta likaupasua mlango na kusimama hatua mbili mbele ya Sufiani. Alikuwa amekumbatia boksi la mwisho la vilipuzi. Asingeweza kukimbia nalo, wala kuliangusha.

Mwanamkasi alichomoa Beretta yake kutoka kiunoni mwa mwanamume huyo.

"Hodi," alisema.

Sufiani alibaki vilevile, jasho likimtiririka, mpaka gari la Mapinga lilipofika. Dakika ishirini kamili.

Mwanamkasi aliwaachia kazi yao. Akashika njia ya mjini kwa miguu, balbu mfukoni. Ilikuwa bado nzima, na Urvashi hapendi kuchelewewa dukani.