Kipimo cha Chombo Kitupu

Foleni ya chai ilikuwa ndefu, na ukumbi ulijaa wanasayansi wanaoongea wote kwa pamoja. Dada mmoja aliyevaa gauni la kijani, viatu vya visigino mkononi, alisimama mbele ya mwanafizikia mmoja mrefu na kumkodolea macho kifuani.

"Kaka, hiyo beji uliyovaa ni yangu."

Kaka aliinamisha kichwa, akasoma. Kweli, mapokezi walikuwa wamechanganya. Jina lile alilijua. Makala yake kuhusu viini vya atomu ilikuwa ikinukuliwa kila kona.

"Basi leo mimi ndiye maarufu," akasema. "Niachie hadi jioni."

"Na maswali yao utayajibu wewe?" Dada alicheka, akamvua beji kwa mkono wake mwenyewe. Moyo wa kaka wa watu ukaenda na ile beji.

Mwaka haukuisha wakawa chanda na pete. Walifanya kazi katika maabara mbili tofauti za mji uleule, na mchana haukupita bila simu.

"Mzee wa Mionzi, umekula?"

"Nakusubiri wewe, Profesa."

"Sijawa profesa bado, laazizi."

"Utakuwa tu. Nani ananukuliwa kama wewe?"

Mama wa binti naye alishamwita kaka mkwe, na akipiga simu alimsalimia yeye kwanza.

Kisha kaka akarudia kipimo cha makala ile maarufu, kwa nia njema kabisa, ili ajenge kazi yake juu yake. Majibu yakagoma kufanana na ya binti. Akapima chombo kitupu cha aina ileile aliyotumia binti, bila sampuli ndani. Chombo chenyewe kilikuwa kinatoa mionzi. Mpenzi wake alikuwa amepima kuta za chombo akidhani anapima kiini cha atomu.

Akaanza kuwasoma waliomnukuu karibuni. Wengi walimtaja ili waonyeshe alipokosea. Idadi ya nukuu ilipanda kila mwezi, na binti, aliyebanwa na maombi ya uprofesa, aliangalia idadi tu na kufurahi.

Amwambie? Kila alipofungua mdomo, alimkuta mwenzake anatabasamu mbele ya kompyuta, akafyata ulimi. Mwanamume mzima, anayeshughulika na mionzi bila kutetemeka, alishindwa na sentensi moja.

Siku ya usaili alimsindikiza mwenyewe. Binti alivaa suti ya bluu, kaka akamnyoosha kola mlangoni na kumwambia, "Nenda, Profesa wangu."

Alipotoka, uso wake ulikuwa umesawijika.

"Wameniuliza kama niliwahi kupima chombo kitupu," alisema. "Nikawaambia kungekuwa na kosa ningeshajua, maana nyumbani nina mtu wa fani hiihii."

Kaka aliangalia sakafu.

"Ulijua?"

"Tangu mvua zilipoanza."

"Na umeniacha niingie mle ndani."

"Niliogopa kukuumiza, mpenzi. Ulikuwa na furaha mno."

"Kukosea ni sehemu ya kazi yetu. Ungeniambia ningelia, ningenawa uso, ningerudi maabara. Wewe ukawa unaniita Profesa huku unajua."

Kaka aliingiza mkono mfukoni, akatoa kijiboksi kidogo cha bluu. Alikuwa amepanga kukitoa leo, wakisherehekea.

"Usikifungue," binti alisema. "Tafadhali. Nikiiona pete sitaweza kuondoka, na lazima niondoke."

Uprofesa aliukosa. Makala aliiondoa mwenyewe na kuandika hadharani alipokosea, na wenzake wakamheshimu kwa hilo. Simu za kaka hakuzipokea, hadi adhuhuri moja alipoipokea.

"Daktari, habari za kazi?"

Daktari, si Mzee wa Mionzi tena. Neno hilo lilimchoma kaka kuliko tusi.

"Nzuri," alijibu. "Mama hajambo?"

"Hajambo. Nimemweleza yote kuhusu makala. Akaniuliza kama na wewe ulikuwa unajua."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba hukujua. Anakupenda kama mwanawe, sikuwa na moyo wa kumuumiza."

Sauti yake ilitetemeka mwishoni, kama ya mtu ambaye sasa tu ameelewa jambo. Kaka akamwita kwa jina lake, taratibu.

"Hapana," binti alisema. "Sasa najua ilivyokuwa rahisi kunificha. Bado siwezi kurudi."

Alimtakia kazi njema, akakata simu. Kaka alibaki ameishika sikioni, akalia mbele ya wanafunzi wake mle maabara.