Kitanda cha Tabu

Mwaka 1934, katika mnada karibu na stesheni ya Shinyanga, Majaliwa alimzidi Mwanne bei, wakigombea kitanda chakavu cha mninga. Mwanne, kanga nyekundu kiunoni na kipini kikimeta puani, alipenya umati akamfuata.

"Karani mzima wa reli unagombea kitanda kilichovunjika mguu?"

"Nikishakitengeneza hutakijua, bibie."

"Basi nakitaka. Dada yangu Tabu ana mimba na analala mkekani."

Hiyo ndiyo ilikuwa starehe ya Majaliwa: akitoka kazini, hutengeneza samani kuukuu na kuziuza kwa faida. Mwanne akawa anapita kila jioni, eti kukagua kitanda. Alimkuta mikono imejaa gundi, akamlisha karanga.

"Unanuka vanishi, mpenzi."

"Utazoea. Utalala nayo maisha yako yote."

Siku moja kabla ya kukabidhi kitanda, Majaliwa aliona papasi, kupe wale wa homa, kwenye ufa wa kiungio. Ilimpasa akifungue chote, akimwagie maji ya moto, aanze upya. Lakini alikwishaahidi Ijumaa, na alitaka kusifiwa. Akapaka vanishi juu ya ufa.

Wiki mbili baadaye Tabu alishikwa na homa. Ikamwacha, ikarudi. Mtoto alizaliwa mfu. Siku ya tatu Tabu naye akazikwa. Hospitali walisema ni homa ya papasi.

"Ni kitanda chako!" Mwanne alimpigia kelele matangani. "Usikanyage kwetu!"

Mwezi mzima hawakuonana. Kisha Mwanne akaja mwenyewe, amekonda, kanga nyeusi kichwani.

"Nisamehe. Shemeji kafukua sakafu ya chumba chao, papasi wamejaa tele. Nilikusingizia."

Majaliwa alimshika mikono. Alikuwa amemkumbuka mno.

"Nikituma wazee, utanikubali?"

"Watume hata kesho."

Mwanne alicheka, mara ya kwanza tangu msiba, akamwegemea kifuani.

"Mwanne, niliwaona."

"Uliwaona akina nani?"

"Papasi, kitandani. Nikawapaka vanishi."

Mwanne alijitoa mikononi mwake polepole.

"Huenda ni wa sakafuni," alisema, kama anayemwomba akubali.

"Huenda. Sijui."

"Kwa nini umeniambia? Si ungenyamaza, Majaliwa! Ungenyamaza tu!"

Alitoka akilia kwa sauti, watu wa mtaa wakimtazama. Majaliwa hakumfuata. Wazee hawakutumwa.